Wanja Alikataa Kuhesabu Watu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na Manyatta, Mwalimu Mkuu alinikabidhi chaki, rejista na onyo: "Hii rejista uichunge kama pasi yako ya kutembelea. Ukikosea jina, askari watakuja kukuuliza huyo mtoto ako wapi." Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Tuliishi katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na kila asubuhi askari walitupanga langoni, wakatuhesabu kabla ya kutufungulia.

Nyinyi vijana mnalalamikia mitihani. Wetu ulikuja darasa la nne. Mtoto akianguka, masomo yamekwisha, arudi kulima. Tuliuita mchujo, na kweli tulichuja, ila mara nyingi tulimwaga chai tukabaki na majani.

Wanja alikuwa hodari wa hesabu kuliko wote niliowafundisha. Baba yake alichukuliwa palepale langoni, asubuhi moja baada ya kuhesabiwa, na hakurudi. Mama yake alinijia shuleni. "Mwalimu, mimi wananichimbisha handaki kila siku," aliniambia. "Huyu akipita, hatachimba."

Siku ya mtihani alikuja Mkaguzi, Mzungu aliyejua Kiswahili cha kuamrisha. Aliipitia karatasi ya Wanja papo hapo, asione kosa hata moja. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya wizi!

"Huyu amenakili," alisema. Akawasimamisha wanafunzi kumi ukutani, akamgeukia Wanja. "Wewe, hesabu hawa. Mmoja mmoja, kwa kidole."

Wanja akainama, akaficha mikono mgongoni.

Kila Muembu aliyekuwepo alijua sababu. Kwetu watu hawahesabiwi. Ukimnyooshea mtu kidole na kumpa nambari, unamwitia balaa. Mimi mwenyewe darasani niliita majina tu. Na mtoto huyu alikuwa ameona kwa macho yake hesabu ya langoni ilivyomfanyia baba yake.

"Bwana, mpe maharagwe ahesabu," nilisema.

Mwalimu Mkuu alinikanyaga mguu. "Nyamaza wewe! Unataka waandike hapa tunafundisha mila?"

Nikanyamaza. Niliogopa kunyang'anywa pasi, na aibu hiyo ninayo hadi leo. Mkaguzi akaandika kwamba mtoto hajui kuhesabu. Juma lililofuata nilimkuta Wanja handakini kando ya mama yake, ameshika jembe lenye mpini mrefu kuliko yeye.

Hasira ile haijanitoka. Mtihani ule ulipima nini? Miaka minne nilisahihisha kazi ya yule mtoto, na hakuna aliyeniuliza anajua nini. Mgeni wa asubuhi moja ndiye aliyeamua! Baadaye nilihamishiwa Kianjokoma, kisha Kangeta, nikasimamia mitihani mingi. Nimeona kasuku wakipita na wenye akili wakianguka kwa homa ya siku moja. Mtihani uwepo, sikatai, lakini mwalimu naye aulizwe. Na akiulizwa, asiwe mwoga kama mimi.

Mwaka niliostaafu nilikutana na Wanja sokoni Kianjokoma, mama mzima, akiuza viazi. Alinikumbuka mara moja, akanishika mikono yote miwili. Kwa furaha nikajisahau, nikamuuliza ana watoto wangapi.

Akaiachilia mikono yangu.

"Wapo, mwalimu," alisema. "Kwani na wewe umekuwa mkaguzi?"