Mvua za Jumapili

Unaisi alikuwa mpima mvua wa kijiji cha Nabukelei, juu kabisa ya mto, na kazi hiyo aliionea fahari. Kila asubuhi kabla ya chai alikwenda kwenye kopo la kupimia, akasoma, akaandika. Isipokuwa Jumapili. Jumapili Nabukelei hata kuni hazipasuliwi, seuze mvua kupimwa. Siku hiyo aliandika kistari tu, na Jumatatu akakuta kopo lina mvua ya siku mbili. Mvua ikiwa kubwa, kopo lilifurika, na yaliyomwagika ndiyo yameshakwenda.

Hakuwa mjinga. Alijua kistari kinaweza kumponza mtu. Ndiyo maana kila binamu yake Kitione, karani wa ofisi ya mito mjini, alipokuja kuchukua hesabu, alimshika shati.

“Waambie wakubwa wako kistari si ukavu, ni sabato. Na mvua kubwa zinapenda Jumapili, sijui nani kazibatiza.”

“Nimeshawaambia, kikongwe wee! Au unataka niwaimbie?”

Walikuwa watani, watoto wa kaka na dada. Huko kwao binamu wa namna hiyo akikuita mwizi, unamwita mchawi, mnacheka. Unaisi akacheka. Mtani atakutania kwa yote, lakini kwa jambo la maji hawezi kukudanganya; hivyo ndivyo alivyoamini, maskini.

Ofisi ikapiga hesabu ya mafuriko kutokana na mvua hizo, ikatangaza kwamba tambarare ya chini, kwenye kona ya mto, haifikiwi na maji. Viwanja vikagawiwa. Josefa, mwanawe Unaisi, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, akapanda kuja kuuliza.

“Mama, wewe ndiye unayeijua mvua. Nijenge?”

“Hesabu ni ya mvua zangu, na Kitione yumo humo ofisini. Jenga, mwanangu.”

Mto ulikuja kabla hata rangi ya milango haijakauka vizuri. Uliipita alama ya mwisho wa maji iliyowekwa na ofisi, bila hodi, ukaichukua nyumba. Josefa na mkewe waliokolewa juu ya paa la kanisa. Mimba haikuokoka.

Mhandisi wa ofisi ya mito alipokuja na Kitione kutazama, Unaisi alimuuliza mbele ya watu vile vistari walivifanya nini.

“Vistari?” mhandisi akashangaa. “Mimi nililetewa sufuri. Jumapili zote kavu.”

Macho yote yakamgeukia Kitione.

“Mashine ya kuingizia hesabu ilikuwa inakataa kistari,” akasema, akitazama miguu yake. “Nikatia sufuri. Nilidhani Jumapili moja moja haitadhuru.”

“Na uliniambia umewaambia!”

Unaisi akampa mgongo, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Kitione alikuja na wazee wake, akapiga magoti mlangoni, mbele yake jino la nyangumi la kuombea msamaha. Jino hilo halikataliwi. Anayelikataa amevunja ukoo. Wazee wa Unaisi wakalipokea, naye akaligusa kuonyesha amekubali. Kitione akashusha pumzi, akajaribu kutabasamu.

“Haya, kikongwe, nitukane basi nipone.”

Unaisi akasogea kando ya mlango.

“Karibu chai, bwana Kitione,” akasema. “Na wakubwa wako ofisini hawajambo?”

Tangu utotoni hakuwahi kumwita bwana; bwana huitwa mgeni, si mtani. Kitione akabaki pale pale amepiga magoti, akaanza kulia, na Unaisi akaingia ndani kuteleka maji.