Usukani wa Pikapu ya Baba

Juzi fundi mmoja wa Changamwe alinirudishia gari langu akasema, "Dada, usukani sasa umekaa sawa." Nikamshukuru, nikaingia garini, nikashindwa kuondoka. Mtu mzima kulia mbele ya gereji ni aibu, lakini nililia.

Kwetu Likoni baba alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea nazi na mihogo kutoka shambani hadi sokoni karibu na feri. Tangu iingie shimoni msimu mmoja wa mvua, usukani wake ulilala kushoto. Ungeiona inakwenda moja kwa moja huku mikono ya baba imekaa kama anayekata kona. Majirani walitucheka, naye akacheka nao. "Kibaya chajitembeza," alikuwa akisema, "na hiki changu chanitembeza na mimi."

Mahali pangu palikuwa mbele, kando yake, asubuhi kabla ya shule, nimepakata mahamri ya mama ndani ya karatasi, joto lake likinipenya mapajani. Harufu ya iliki ilichanganyika na ya petroli na udongo wa mihogo. Kazi yangu ilikuwa ndogo. "Baba, punda," nasema, naye anapunguza mwendo. "Baba, baiskeli." Mwanzoni ulikuwa mchezo wetu. Halafu nikagundua kwamba nikinyamaza, hapunguzi. Nilikuwa na miaka kumi, na badala ya kuogopa nilijivunia. Baba aliniambia nisimsumbue mama kwa maneno ya barabarani. Nikafunga mdomo mwaka mzima.

Idi ilipokaribia, mama alitaka kumfurahisha mumewe. Akamwita kaka yake, fundi wa magari kule Port Reitz. Ijumaa, baba alipokwenda msikitini, mjomba aliomba leso ya mama, akaunyoosha usukani na kuufunga kwa leso ile kwenye kiti usicheze. Akajipenyeza chini ya gari, akalegeza nati za vile vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele, akazungusha huku kidogo na kule kidogo, akakaza. Aliifungua leso, akaijaribu pikapu hadi njia kuu na kurudi, usukani umenyooka. Mama alipiga kigelegele, na mimi nikamfuatisha. Sikujua tumemnyang'anya baba kitu gani.

Baba aliporudi alitabasamu, akamshukuru shemejiye, akapanda kuijaribu peke yake. Sisi tulibaki uani kumtazama. Mikono yake ikaulaza usukani kushoto kama siku zote, na pikapu ikafuata mikono. Ilikwenda polepole, ikapita ua wa makuti, ikaingia jikoni kwa jirani yetu muuza viazi vya karai. Jirani mwenyewe alikuwa ametoka kwenda kuteka maji, Mungu ni mkubwa. Mchana kweupe, njia tupu.

"Shemeji, kwani huoni?" mjomba aliuliza akikimbia.

 Baba alikaa nyuma ya usukani, mafuta ya karai yakimwagika chini ya magurudumu, kichwa kakielekeza kwenye kiti changu kitupu. Kumbe alikuwa akiendesha kwa mazoea ya mikono na kwa mdomo wangu.

Hospitalini daktari wa macho alimulika, akamulika tena. "Mzee, hali hii ina muda gani? Mngewahi, tungeokoa japo jicho moja."

Mama akageuka kunitazama mimi, niliyekaa mbele na baba kila siku. "Nawe hukuona kitu?"

Mkono wa baba ukautafuta wangu, ukaubana. "Muate mtoto," akasema. "Hajui kitu."

Pikapu ilichukuliwa na mtu wa Kisauni. Minazi yetu ilikatwa, na siku hizi pale pana vyumba vya kupanga, hata njia ya kwenda shambani siwezi kukuonyesha. Baba aliishi gizani miaka mingi, mpole vile vile, akichagua nazi kwa kuitikisa sikioni. Jambo lile hatukulizungumza hata siku moja. Amekwisha kutangulia, Mungu amrehemu. Mama yu hai. Nampigia simu kila jioni, tunazungumza habari za samaki na za magoti yake, na kila jioni nakata simu sijamwambia.