Sasisho Nililowapelekea Wasichana wa Itumbe

Ipo Ijumaa moja ambayo siisahau, mwanangu. Na kwa kuwa jana uliniuliza, huku umenuna, kwa nini sasisho jipya siliweki kwenye flashi ya wateja mpaka likae kwanza hapa dukani, vuta kiti nikusimulie.

Nilikuwa na miaka thelathini, nimeacha kufundisha chekechea, na ndio kwanza naanza kazi ya kompyuta pale Mosocho kwa Mzee Nyakundi. Alikuwa amestaafu ufundi wa mizani katika kiwanda cha majani chai, akafungua duka la kutengeneza kompyuta. Nilimwita Tata, kama tunavyowaita wazee wa rika la baba zetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuunda nakala yetu wenyewe ya kusakinishia mfumo. Unauchukua mfumo kama ulivyotoka kwa watengenezaji, unaondoa michezo na takataka nyingine, unaongeza programu za kuandikia, za printa, na masasisho yake, kisha vyote unavipakia kwenye flashi moja. Intaneti ya huku milimani unaijua. Ukiiachia kila kompyuta ya shule ijivutie masasisho yake, utazeeka unangoja.

Tata alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Nakala mpya ikikamilika, aliisakinisha kwanza kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, Ijumaa kabla jua halijatua, akaiacha ikiwaka Sabato nzima. Jumapili asubuhi aliizima, akaiwasha, akaandika barua, akaichapisha. Ndipo flashi iliporuhusiwa kutoka mlangoni. Mimi nilidhani ni dini tu, kwamba mzee wa kanisa haruhusiwi kufanya kazi Sabato, basi anaiachia mashine ifanye. Nilikuwa nikimcheka kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Ijumaa hiyo Tata alikuwa ameenda mazishini Nyamira. Tulikuwa na kazi ya shule moja ya wasichana upande wa Itumbe, kompyuta kumi na nane zilizojaa virusi. Kidato cha nne walikuwa wachapishe kazi zao za mtihani, na Jumatatu saa sita mchana zifungwe kwenye bahasha. Asiye na kazi ndani ya bahasha hana alama.

Nikiwa naunda nakala, nikaliona sasisho la majaribio. Haya hutolewa mapema, kabla hayajakomaa, ili wanaopenda wayajaribu na kutoa ripoti. Maelezo yake yalikuwa marefu, kwamba linarekebisha hili, linaharakisha lile. Mikono ikaniwasha. Nilitaka sana kujua litafanya nini! Nikaliingiza ndani ya nakala.

Kwa desturi ya Tata ningengoja mpaka Jumapili. Nikajiambia wasichana wana haraka, nikapanda Itumbe na flashi yangu. Kazi zao nilizihifadhi pembeni kwanza, hilo nilikuwa nimeshafunzwa. Nikasakinisha zote kumi na nane, zikafunguka vizuri, zinang'aa. Sikuchapisha hata karatasi moja. Jua likitua nilikuwa nyumbani, nimeoga, najisifu.

Jumapili saa nne asubuhi akapiga simu Mwalimu Kerubo, mwalimu wao wa kompyuta.

"Madam Moraa, printa imekataa kabisa. Kompyuta zote! Na kuna msichana hapa anaitwa Bosibori, ndiye aliishika hiyo printa mwisho. Nimemwambia atakaa nje mpaka aseme alifanya nini."

Nilijua ni mimi, na kwa aibu sikusema. Nilisema tu, "Nakuja, mwalimu."

Nikakimbia kwanza dukani kwa Tata, nikamweleza yote. Akaniuliza, "Hiyo kitu uliijaribu wapi?"

"Kule shuleni, Tata."

"Basi uliwafanya hao watoto ndio kompyuta yako ya kujaribia."

Alisema taratibu tu, wala hakupaza sauti. Kisha akanishangaza. Akavuta kiti mbele ya ile kompyuta kuukuu, macho yamemchangamka, akasema, "Leta tuone hii kitu inafanya nini." Kumbe mzee alikuwa na udadisi kunishinda! Tukasakinisha nakala yangu, tukaunganisha printa kama ile aliyoiuzia shule. Kimya. Tukaliondoa lile sasisho, printa ikachapisha. Nikadaka mkoba niondoke.

"Ngoja," akasema. "Izime, uiwashe."

"Tata, wasichana wanangoja!"

"Wangoje kidogo."

Nikaizima, nikaiwasha. Sasisho lilikuwa limejirudisha lenyewe, kwa kuwa nililifungia ndani ya nakala, na printa imenyamaza tena. Ningekimbia na ile dawa yangu ya haraka, ningewaangusha wasichana mara mbili. Tukaanza upya kutoka kwenye mfumo halisi, bila lile sasisho. Tukaizima na kuiwasha mara tatu, tukachapisha kila mara, kisha tukapanda Itumbe pamoja.

Bosibori alikuwa ameketi nje ya maabara, macho mekundu. Tata akaniambia, "Anza na huyu. Mashine baadaye." Nikamwita Mwalimu Kerubo na wasichana wenzake Bosibori wote, nikasema mbele yao kwamba printa niliiharibu mimi, kwa kitu nilichokiweka bila kukijaribu, na kwamba asubuhi kwenye simu nilijua nikanyamaza. Hilo la mwisho lilinitoka kwa shida. Bosibori akauliza, "Madam, kwani hiyo kitu ilikuwa inafanya nini?" Hata hasira hakuwa nayo, alitaka tu kujua. Nililia pale pale.

Jumatatu, kabla ya saa sita, bahasha zilifungwa zote, na ya Bosibori ikiwamo.

Sasa sikiliza, mwanangu. Sikukatazi kuyachungulia mambo mapya. Mimi mwenyewe sasisho la majaribio likitoka nalivuta siku hiyo hiyo, kwenye kompyuta yangu. Usiyachungulie ndani ya mashine ya mtu anayeitegemea kesho. Kuwa na mashine yako ya kuharibu. Zima, washa, chapisha, ngoja, hata wakikuita mzembe. Dawa nayo ijaribu kama ulivyopaswa kuijaribu ile kazi ya kwanza. Na ukikosea, jitaje upesi, kwa sababu ukinyamaza kuna mtu ameketi nje akilia kwa kosa lako.

Mungu akuongezee hamu ya kujua, na akupe subira ya kuibeba. Mikono yako isimtoe machozi mtoto wa mtu, na siku itakapomtoa, akupe ujasiri wa kumwendea wewe mwenyewe kwanza.