Daka la Nabiha

Mtaniita mwongo, na niiteni tu, nimezoea. Lakini mpwa wangu Nabiha alijenga daka lisilo na jiwe wala boriti, na nusura aache kazi kwa ajili yake.

Nabiha ndiye anayetunza kompyuta za kliniki moja ya akina mama kule Ganjoni. Mimi niliishia darasa la sita, lakini darasa la sita la wakati wetu ni digrii mbili za leo, kwa hivyo aliponieleza kazi yake nilielewa upesi. Mgeni akija nyumbani kwetu Mji wa Kale, hodi yake inakoma dakani, pale kibarazani mlangoni. Hapo husema haja yake. Mwenyeji huingia nayo ndani, akarudi na jawabu. Mgeni hajui ndani mna vyumba vingapi wala nani kalala wapi. Basi Nabiha aliweka kompyuta moja mbele ya seva zenye mafaili ya wanawake. Kila ombi la kutoka nje hukoma hapo, likakaguliwa, na kompyuta hiyo ndiyo huingia ndani kuuliza. Kliniki nzima wakaiita daka.

Juma lililopita Nabiha alikuwa matangani Bondeni. Meneja wao, Ronny, alikuwa amechoka kuulizwa na daka neno la siri kila afunguapo mafaili kwa simu akiwa nyumbani kwake. Akamwita fundi wa pembeni, akafunguliwa njia ya moja kwa moja mpaka kwenye seva. Mimi ni mpole, lakini nikimkumbuka Ronny yule, hata leo ndevu hunisimama.

Jumatatu mamake Nabiha alinituma nimpelekee mahamri na mbaazi kazini. Nikamkuta mbele ya kioo cha kompyuta, kafura kwa hasira. Watu wasiojulikana walikuwa wakibisha kwenye seva yenyewe, wakijaribu neno la siri hili na lile. Hakuna aliyekuwa ameingia. Akaikata njia ile papo hapo, kisha akaenda kwa Ronny bila hodi. Mlango aliuacha wazi, kliniki nzima ikasikia.

"Nani kakwambia utoboe ukuta?"

"Taratibu, Nabiha. Daka lako linachelewesha watu. Na hao hawakuingia, sivyo?"

"Rosebella mkeo alijifungulia hapa. Aliyomwambia daktari mlango umefungwa yamo humo. Mimi mwenyewe siyasomi. Wewe umewawekea wazi wapita njia."

Nabiha akavua kitambulisho chake cha kazi, akakitupa mezani.

"Njia ile ikifunguliwa tena, tafuta mwengine."

Ronny akakiokota, akamrudishia kwa mikono miwili, akasema haitafunguliwa. Na kwa nini alikubali upesi hivyo? Kwa sababu mimi, bila kujisifu, nilikuwa nishaingia, nikamkamata ukosi, nikamwinua kwa mkono mmoja mpaka viatu vika—

"Mjomba, wewe ulikuwa mapokezi, na mahamri yangu mdomoni. Futa hayo."