Kocha Aliyemwita Ndugu Yangu Mbuzi

Juzi kijana mmoja alisimama mbele ya meza yangu ya mboga sokoni Kitale akichagua sukuma wiki. Miguu yake ilinuka dawa ya kuchua misuli, ile kali inayopanda puani hadi macho yanalia. Nikasahau bei niliyokuwa nikimtajia. Nilikuwa nimerudi Kibomet, kando ya ule uwanja wa mteremko ambao goli moja lilikuwa juu kuliko lingine, nikimsubiri ndugu yangu Simiyu aingie na jezi namba tisa.

Mama alikuwa amemfuata baba kaburini mwaka huo. Mimi, Nafula, kifungua mimba, niliacha shule nikiwa darasa la saba ili Simiyu na mdogo wetu Nekesa waendelee. Juma zima nilifulia watu nguo. Lakini Jumapili nilikuwa shabiki, tena shabiki mwenye maneno. Mwenzangu wa mabishano alikuwa Fundi Wekesa, jirani yetu mshona viatu, ambaye alikuja uwanjani na kigoda chake na maoni yake tayari.

"Staa huzaliwa," alikuwa akisema. "Kocha ni nini? Kocha ni filimbi na makelele tu, bana."

Mimi nilikubali nusu. Kulikuwa na mwanariadha mmoja wa kike kutoka upande wa Cheptais niliyemfuatilia redioni, na nilimsikia mtangazaji akisema kocha wake ni mtu wa kimya. Humtazama akipanda mlima, humtazama akishuka, halafu humpa maji. Nikashika msimamo wangu hapo: kocha mzuri hanyanyui sauti. Kwa kipimo hicho, Kocha Gathogo wetu alikuwa wa mwisho duniani.

Gathogo aliuza mbegu na mbolea mjini. Wazazi wake walikuwa wametoka mkoa wa kati zamani wakapata shamba Trans-Nzoia. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilifika barabarani kabla yake. Jambo lililonisumbua ni kwamba hakumfokea kila mtu. Tulikuwa na beki mmoja ambaye mpira ulipita katikati ya miguu yake kama kuku anayejua njia ya nyumbani. Huyo Gathogo alimpigia makofi. "Sawa tu, kijana, jaribu tena." Simiyu, ambaye mabao yote yalikuwa yake, ndiye aliyeitwa mbuzi.

"Wee mbuzi! Hiyo mpira ni ya mama yako? Si uachilie wenzako!"

Mama yetu hata udongo wa kaburi lake ulikuwa haujashuka. Nilikunja ngumi ndani ya leso.

"Kwa nini anamtukana aliye hodari na kumbembeleza goigoi?" nilimuuliza Fundi Wekesa.

"Wivu," akasema. "Yeye mwenyewe hakuwahi kufunga bao, na hilo tumbo."

Nilipomuuliza Simiyu, aliendelea kusugua soksi zake kwenye beseni. "Si ni kocha tu," akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Kisha Gathogo akaja nyumbani. Alikuwa amepata kazi ya kufunza mpira katika shule moja ya bweni upande wa Bungoma, na alitaka kwenda na Simiyu mwaka mpya. Angesoma bila karo kwa ajili ya miguu yake. Alikaa kwenye debe letu la mahindi, kofia mikononi, akizungumza nami kama mtu mzima, kwa maana kwa kweli hapakuwa na mtu mzima mwingine wa kuongea naye.

Nilimwambia nitafikiri. Moyoni nilikuwa nimekataa. Sikuweza kumtoa ndugu yangu nikamkabidhi, miaka yote ile, kwa mtu anayemwita mnyama mbele ya watu. Afadhali abaki akose shule hiyo, nilijiambia, kuliko avunjwe roho.

Mwaka huo ulikuwa wa tohara. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, unaofuata hapana, na anayeingia huzunguka na njuga za chuma mikononi akiwaalika jamaa zake. Simiyu alizipiga njuga zake kwa shangazi, kwa majirani, kisha akaenda mjini akazipiga mbele ya duka la mbegu.

"Umemwalika yule?" nikamuuliza.

"Nimemwalika."

Sikumwelewa hata kidogo.

Tulirudi nyumbani kwa nyanya, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Alasiri ya kuamkia siku yenyewe, kijana hupelekwa kwa mjomba, kaka ya mama yake, kumfahamisha kwamba mtoto wa dada yake amekua. Tulikwenda na kundi zima likiimba, Fundi Wekesa akiwemo, vumbi hadi magotini, na Gathogo nyuma yetu akitota jasho ndani ya koti la suti.

Mjomba Makokha alikuwa amechinja. Alitoka na ukanda wa nyama ya kifua, akamvika Simiyu shingoni, akampaka kifuani taka za tumbo la ng'ombe, za kijani, bado zina mvuke. Kisha akamzaba kofi na kuanza kumfokea.

"Unatetemeka nini? Nani alikuita hapa? Kwetu hakuna mwoga! Kama unataka kulia kesho, vua nyama yangu sasa hivi, nenda ukakae jikoni na wasichana!"

Ndivyo inavyofanywa. Sisi sote tulijua, hata Nekesa. Aliyekuwa hajui ni mmoja. Gathogo alipasua umati, akamshika mjomba mkono.

"Mzee, hapana! Huyu mtoto hana mama! Humwonei hivyo nikiwa hapa!"

Wimbo ukakatika. Mkono wa mjomba siku hiyo haushikwi na mtu. Nilimwona Gathogo amesimama mbele ya ndugu yangu, mikono ameitanua kama kipa. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

Mjomba alimtazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani kwake?"

"Mimi... mimi ni kocha wake."

"Na wewe hujawahi kumfokea?"

Fundi Wekesa, ambaye hakuweza kuacha nafasi kama hiyo ipite, akajibu kutoka nyuma: "Kila Jumapili, mzee! Humwita mbuzi!"

Wanawake waliangua kicheko, nyanya akashika mbavu. Mjomba peke yake hakucheka. Alimvuta Gathogo kwa koti akamweka ubavuni mwake.

"Basi simama hapa," akasema. "Tumfokee pamoja."

Wakamfokea, mmoja kwa Kibukusu, mwingine kwa Kiswahili chake cha Kitale, na Simiyu akiwa katikati, shingo imenyooka, hapepesi jicho. Alfajiri iliyofuata alisimama vivyo hivyo mbele ya kisu. Kabla chai haijachemka nilimtafuta Gathogo uani nikamwambia, "Kocha, nenda naye."

Simiyu hakuwa staa. Goti lilimkataa akiwa kidato cha tatu, lakini shule alimaliza, na Gathogo alimfokea hadi karatasi ya mwisho. Hata leo nikiona kocha anamkaripia mchezaji bora huku akimsamehe aliye hafifu, sikimbilii kusema ni wivu. Natazama kwanza amesimama wapi.

Kuna jambo lilinichukua miaka mingi zaidi. Siku niliyoacha shule, watu wote walikuwa wapole kwangu. Mwalimu alinishika bega, majirani walisema maskini Nafula, kanisani wakaniombea. Wote walinihurumia vizuri sana. Hakuna hata mmoja aliyenizuia mlangoni akanifokea.