Kwa Nini Mzee Rudia Alisema Rudia

Watu wa kiwanja kile cha ujenzi walimwita Mzee Rudia, na jina hilo alijipatia kwa kinywa chake mwenyewe. Ukiwa ghorofa ya saba, ukabonyeza kitufe cha kisanduku kilichopigiliwa ukutani na kusema, "Mzee, njoo saba, tuko wawili na toroli," kizimba cha lifti hakikusogea hata inchi. Kilichokuja kwanza ni sauti yake kwenye spika: "Rudia." Ukarudia. Naye akayarejesha maneno yako moja moja, kama mtu anayehesabu mayai. "Saba. Watu wawili. Toroli moja. Nakuja." Hapo ndipo lifti iliponguruma na kuanza kupanda kwenye mlingoti wake, nje ya jengo.

Wageni walikasirika. Wenyeji walishazoea. Walijua kwamba kwa Mzee Rudia unataja ghorofa kwanza, mzigo baadaye, kisha unangoja jibu. Ukichanganya, unaanza upya, hata ukiwa msimamizi mkuu mwenye kofia nyeupe na hasira za asubuhi.

Hakuwa mtu wa maneno mengi nje ya kizimba. Alianza kazi za ujenzi akiwa na miaka kumi na tisa, akibeba zege kichwani kwenye karai. Baadaye, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mtulivu, alikabidhiwa winchi ya kupandishia ndoo. Siku hizo hapakuwa na kisanduku wala spika. Aliyekuwa juu aligonga bomba kwa nyundo: pigo moja simama, mawili pandisha, matatu shusha. Yeye alikaa chini, kiganja kimelala kwenye bomba, na injini ya dizeli ikimpigia makelele kwenye sikio la kushoto. Miaka kumi na miwili. Hakuna aliyempa cha kuziba masikio, naye hakuomba. Sikio likafa polepole, kama taa inayopunguzwa utambi, na mwenyewe akaja kugundua giza limeshaingia. La kulia lilibaki, ingawa nalo lilikuwa limechoka kidogo alipohamishiwa kwenye lifti.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Sikio hilo lilijulikana kwa mtu mmoja tu duniani, mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Alilijua kwa hasira. Alimwita mara tatu kutoka jikoni, na mume akaendelea kulitabasamia gazeti. Mwalimu akaona amedharauliwa, akanuna siku mbili. Siku ya tatu akanyata nyuma yake na mifuniko miwili ya sufuria, akaigonganisha karibu na sikio la kushoto. Paka alikimbia. Mzee hakupepesa macho.

Mwalimu aliketi chini, akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akafuta uso.

"Wakijua kazini?" aliuliza, safari hii upande wa kulia.

"Watanitoa kwenye kizimba. Nani atampa kiziwi lifti yenye watu ndani?"

"Basi hawatajua. Neno hili halitavuka kizingiti hiki. Mtu mzima kasoro yake ikishajulikana, kila atakalofanya linapimwa kwa kasoro hiyo."

Tangu siku hiyo Mwalimu akaanza kupaza sauti ndani ya nyumba yake. Yeye ambaye darasani, na watoto sitini mbele yake, hakuwahi kupiga kelele hata siku moja, na alijivunia hilo kuliko cheti chake. Alimpazia sauti ale chakula kabla hakijapoa. Alimpazia sauti achukue koti, mvua inakuja. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba, na masikio ya majirani, tofauti na ya mumewe, yalikuwa mazima kabisa.

Na kazini? Mzee alijitafutia njia. Alipoletewa mfumo wa visanduku, kila ghorofa na chake, vyote kwenye laini moja, aliifungua sauti ya spika hadi mwisho na kukaa akiwa ameielekezea sikio la kulia. Asichokisikia vizuri alikiomba tena. Neno "rudia" lilianza kama fimbo ya kipofu. Lakini mtu anayelazimishwa kurudia hujifunza kupanga maneno yake, na anayerejeshewa maneno yake husikia kosa lake mwenyewe. Mwaka ukapita, na wa pili, na kizimba hakikuwahi kwenda ghorofa isiyo yake wala kuondoka mtu akiwa na mguu mmoja nje.

Afisa usalama, msichana aliyesoma ambaye wote walimwita Injinia, aliliona hilo kwenye taarifa zake. Akachoresha ubao mkubwa: GHOROFA KWANZA, MZIGO BAADAYE, NGOJA JIBU. Akamwambia Mzee kwamba kwenye mkutano wa asubuhi, siku ya Ijumaa, angemwomba aeleze mbele ya wote utaratibu ule aliutoa wapi. Viwanja vingine vya kampuni vilitaka kuufuata.

"Nitasema mawili matatu," Mzee alijibu. Nyumbani, yeye na Mwalimu wakatunga maelezo mazuri kuhusu nidhamu na uzoefu. Hayakuwa uongo. Yalikuwa nusu tu ya kweli.

Siku ya Alhamisi, saa sita, fundi mmoja wa ghorofa ya tisa alibonyeza kitufe kwa kidole kilichojaa uji wa saruji. Akaenda kula. Kwa jua lile saruji haikuhitaji kuombwa. Iliganda, na kitufe kikabaki kimezama ndani. Laini ikawa wazi, na lolote lililosemwa karibu na kisanduku kile likasikika kwenye kizimba na kwenye ghorofa zote kumi na sita.

Mzee alikuwa chini, anangoja, mafundi rangi wawili wako ndani ya kizimba na ndoo zao. Spika ikatoa mlio wa vijiko. Mtu akapiga mbweu. Kisha ikaja sauti ya fundi wa nondo waliyemwita Kasuku, na sababu ya jina hilo haihitaji maelezo.

"Leo kaniambia rudia mara tatu. Tatu! Mimi na ndevu zangu!"

"Mvumilie," mwenzake alisema. "Kila mtu na msalaba wake."

"Wake si msalaba, wake ni mke! Mimi nakaa mtaa wao, mlango wa tatu. Yule mwalimu anamfokea kuanzia anapoingia mpaka taa zinapozimwa. 'Kaa hapa! Vaa hii! Umesikia?' Mtu mzima na mvi zake! Tena mwanamke mwenyewe nje hujifanya malaika, anasalimia watu kwa sauti ya asali. Sasa mzee akifika huku, anatulipizia sisi."

Wakacheka huko juu. Mafundi rangi waliangalia viatu vyao.

Mzee Rudia alisikia kila neno, kwa kuwa ile spika ndiyo iliyokuwa mahali pekee alipokuwa akisikia kama watu wengine. Lililomchoma halikuwa kuitwa mume wa kufokewa. Lililomchoma lilikuwa lile la malaika. Akajiuliza maneno hayo yalikuwa yakizunguka mtaani tangu lini, na mkewe aliyabeba peke yake kwa muda gani.

Akapandisha kizimba mpaka tisa bila kuitwa, mara ya kwanza tangu aanze kukiendesha. Kasuku alipomwona akitoka na msumari mkononi, tonge lilimkwama.

"Mzee wangu, ule ulikuwa utani tu..."

Mzee hakumtazama. Alikwangua saruji kuzunguka kitufe, kikaruka nje kwa mlio mdogo. "Vidole vikiwa na saruji, bonyeza kwa kiwiko," alisema. "Laini hii ni ya watu wote." Akashuka.

Jioni aliketi mezani bila kugusa chakula.

"Wanasema unanifokea."

"Nani?" Mwalimu aliuliza.

"Ghorofa ya tisa nzima."

"Basi wamechelewa. Mtaa mzima unasema tangu mwaka juzi. Hata kwenye chumba cha walimu nimeulizwa kama nyumbani kuna amani."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Kwa kunong'ona?"

Wakatazamana. Mzee ndiye aliyeanza kucheka, naye Mwalimu akafuata, mpaka jirani akagonga ukuta. Kicheko kilipoisha, Mzee alisema, "Kesho nawaambia."

"Usithubutu. Watakushusha kwenye kizimba. Miaka yote hii!"

"Watanishusha."

"Mimi nilikubali, Baba. Hakuna aliyenilazimisha. Kusemwa hakuniui."

"Wewe ulikubali. Mimi sikukubali. Nimelala usingizi mzuri juu ya jina lako kama mtu aliyelalia kanga ya mwenzake, bila hata kujua. Sasa najua. Nitalalaje?"

Mwalimu aliinuka. Akalitoa shati jeupe la Mzee na kulipiga pasi, mistari ya mikono ikawa kama wembe. Kama mtu wake angejivua siri mbele ya watu, basi asingefanya hivyo akiwa na makunyanzi.

Asubuhi, watu mia moja na zaidi walisimama na kofia zao mbele ya ubao. Injinia akatoa sifa, kisha akampisha.

"Huu utaratibu mnaousifu," Mzee alianza, "haukutoka kwenye kitabu. Sikio langu la kushoto limekufa tangu enzi za winchi. Nilisema rudia kwa sababu sikusikia. Imetokea kwamba umetufaa wote, nashukuru. Lakini kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonisimamisha hapa. Mke wangu hanifokei. Ananisemesha. Alipaza sauti ili mimi nibaki na kazi, akanyamaza watu walipomsema. Mwenye kutaka kumsema sasa, ana habari kamili."

Kasuku alivua kofia, akaikunjakunja mikononi kana kwamba ni ya kitambaa.

Injinia alimsogelea, upande wa kulia, tayari amejifunza. "Mzee, inanibidi nikutoe kwenye kizimba. Mpaka upimwe."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimesema kabla sijaingia."

Daktari aliandika alichoandika, na kizimba kikapewa mama mmoja aliyewahi kuendesha mashine za ghalani. Siku mbili za kwanza Mzee alipita karibu na lifti akiangalia upande mwingine. Siku ya tatu Injinia alimkabidhi visanduku vyote. Kila asubuhi alipanda kama abiria, akashuka ghorofa moja moja, akasafisha vitufe, akajaribu laini, na kuwafundisha wapya namna ya kuita. Yule mama wa kizimba alimwuliza mambo mengi, naye aligundua kwamba kuulizwa kuna utamu wake. Zaidi ya hayo, kwa mara ya kwanza aliuona mji kutoka ghorofa ya kumi na sita akiwa amesimama, bila haraka.

Siku ya mapumziko mlango uligongwa. Alikuwa jirani yao, mke wa Kasuku, na mumewe nyuma yake kama mzigo.

"Mwalimu, tulikusema vibaya."

"Nilisikia. Masikio yangu mimi ni mazima," Mwalimu alisema, lakini alivuta viti.

Mke wa Kasuku aliketi kwenye ncha ya kiti. Mumewe alipotoka kwenda uani kumsalimia Mzee, aliinamisha kichwa. "Mwalimu, si kuomba radhi tu. Mama yangu anakaa kwetu. Namwita haitiki. Nikipaza sauti, analia kwamba namfokea. Wewe unafanyaje?"

Mwalimu alinyoosha mgongo, sura yake ya darasani ikarudi. "Kwanza, usimwite kutoka chumba kingine. Nenda alipo, akuone midomo. Pili, tafuta sikio zima ni lipi. Tatu, usipande sauti ghafla, panda polepole. Baba! Njoo usimame hapa."

Mzee akaja, akasimama katikati ya chumba kama ubao wa kufundishia. Mwalimu akamzungusha huku na huko, akaonyesha upande gani na umbali gani. Kisha akamwambia mgeni ajaribu. Yule mama akasogea upande wa kulia.

"Mzee," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "kazi mpya inaendaje?"

Alimsikia vizuri, kila neno. Akamsimulia ghorofa baada ya ghorofa, kuanzia ya kwanza, na hakuna aliyemkatiza.