Kulala na Viatu

Bisheni mkitaka. Shule niliiacha mapema, lakini macho hayahitaji diploma. Jumatatu nilikuwa saluni, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, redio ikasema yule mzee wa Ujerumani ameshindwa uchaguzi. Huyu alipanda kutoka kelele za baa mpaka Bunge la Ulaya kwa kuhubiri wageni wafukuzwe. Sasa chama chake hakikupata hata kiti kimoja.

Maman mwenye saluni akaachia msuko katikati, akakimbilia simu.

"Maman, na kichwa yangu?" mteja akalia.

"Yako iko hapa, ingoje! Ya mutoto yangu iko Ujerumani."

Mwanawe anaishi huko kwenye hosteli ya wakimbizi. Tangu hosteli ya jirani ichomwe moto, hulala na viatu, tayari kukimbia.

"Allô, mutoto? Ule muzee ameanguka. Bon, toa viatu, ulale."

Akajifuta machozi kwa taulo ya mteja, huku akicheka.

Najua, wachoma moto hawakugombea kiti. Lakini usiku mmoja wa miguu mitupu si haba.

Pale saluni nilijigamba kwamba mzee yule hajawahi kunitisha. Sikuwaambia kwamba hata mimi, huku ng'ambo ya mpaka, mtaani Ganshoren ambako hata paka hawagombani, nilikuwa nalala na viatu. Usiku ule nilivivua.